Maksai Wawili na Karatasi Moja

Kwetu Samuye siku huanza na ng'ombe. Kabla ya chai, mume wangu Mayala alikuwa anakwenda zizini kuwatazama Kulwa na Doto. Hao walikuwa maksai wetu wa kulimia. Walizaliwa msimu mmoja, ndiyo maana tukawapa majina ya mapacha. Kulwa alivuta plau upande wa kulia, Doto upande wa kushoto. Ukiwabadilisha, hawaendi. Wanasimama tu wanakutazama, kana kwamba wewe ndiye huna akili.

Mimi naitwa Justa, Mama Edward. Nilimaliza darasa la saba. Mayala hakwenda shule, alichunga. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na mtu wa kusoma, na bado tuliibiwa kwa karatasi. Hasira yangu iko hapo mpaka leo.

Mwaka jana, mwezi wa saba, mtoto wetu Edward alipiga simu kutoka Geita. Anachimba dhahabu huko, kwenye mashimo wanayoyaita maduara.

"Baba, duara letu limeanza kuonyesha mwamba," alisema. "Wenzangu wanachanga hela za hisa. Nitafutie laki sita. Miezi miwili tu nakurudishia."

Mayala alishinda siku nzima anacheka peke yake. Hatukuwa na laki sita. Pamba ilikuwa imetupa hasara. Akaenda Shinyanga mjini, akarudi na namba ya simu ya mkopeshaji mmoja anayeitwa Donatus.

"Huyu hana masharti," Mayala aliniambia. "Anakuja mpaka nyumbani."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuuliza. Mtu anayekopesha bila masharti, yeye anakula nini? Sikuuliza. Nilikuwa nawaza dhahabu kama yeye.

Donatus alikuja Alhamisi mchana kwa pikipiki. Kijana nadhifu, shati limenyooshwa. Alimsalimia Mayala kwa Kisukuma. Mimi akaniambia, "Shikamoo mama," huku ameinama. Nikampenda. Nikasonga ugali, nikaweka mlenda wa karanga na maziwa ya mgando.

Kwetu mgeni akishanawa na kula chakula chako, amekuwa mtu wa nyumbani. Kumkagua ni kumtukana. Donatus alilijua hilo vizuri. Hakutoa karatasi alipofika. Alisubiri mpaka wote wawili wanakula, ndipo akaitoa kwenye mkoba. Aliitoa kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na ugali.

"Baba, weka dole hapa," alisema. "Mnachukua laki sita, mnarudisha laki tisa kwa miezi mitatu. Maksai ni dhamana tu, wanabaki zizini kwenu."

Nilikuwa nimeinama namwagia mume wangu maji ili anawe mkono. Nikaiona ile karatasi. Juu ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: MKATABA WA MAUZIANO YA NG'OMBE.

"Mbona imeandikwa mauziano?" niliuliza.

Donatus akacheka. "Hayo ni maneno ya ofisini tu, mama. Karatasi zote ziko hivyo."

"Nipe niisome yote."

Mayala alinitazama vibaya. Nilikuwa namwaibisha mbele ya mtu anayekula naye bakuli moja.

"Mama Edward," alisema, "lete mboga."

Nikaenda kuleta mboga. Niliporudi, dole lilikuwa limeshawekwa. Karatasi ilikuwa moja tu, na iliondoka na Donatus.

Duara la Edward lilijaa maji. Hakuna aliyepata hata punje. Siku hizi anasukuma toroli Kalangalala, hukohuko Geita, na akipiga simu anaongea kidogo sana.

Sisi tulilipa. Niliuza karanga na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, Mayala akauza mbuzi wanne. Kila mwisho wa mwezi nilituma laki moja kwenye simu ya Donatus, miezi mitatu. Siku moja alipita akachukua laki nyingine mkononi. Hakuandika stakabadhi, na sisi hatukudai.

Mwezi wa kumi ulipoisha tulikuwa bado tunadaiwa laki tano. Mayala alimpigia simu akaomba muda. Donatus alijibu, "Hakuna shida, baba." Kesho yake asubuhi lori lilisimama mbele ya zizi letu.

Alishuka Donatus na wanaume watatu. Safari hii hakusalimia mtu. Walimfunga Kulwa, wakamfunga Doto. Mayala alipiga yowe, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaja mbio na fimbo zao. Nikamshukuru Mungu. Kiongozi wao akaichukua karatasi kwa Donatus, akaisoma kwa sauti: "Mimi Mayala nimeuza maksai wangu wawili kwa shilingi laki sita, na nitawakabidhi mwisho wa mwezi wa kumi."

"Umeuza, Baba Edward," alisema kiongozi. "Dole lako hili hapa. Unamwitia mwizi mtu uliyemuuzia?"

Majirani wakaondoka mmoja mmoja. Lori likaondoka na maksai wenye thamani ya zaidi ya milioni mbili. Mvua zilikuwa karibu na hatukuwa na cha kuvuta plau. Bila kulima hatuli, ni hivyo tu.

Mayala alikaa kwenye jiwe la zizi. "Ulikuwa unajua kusoma," aliniambia.

"Na wewe ulikuwa na njaa ya mboga," nilimjibu.

Hatukusemeshana siku mbili. Siku ya tatu jirani yetu Serafina, mjane, alikuja. Alitutazama, akasema, "Mkimaliza kununiana, nendeni ofisi ya kata mkamwone Rhoda. Ni afisa maendeleo ya jamii. Anasaidia watu wa mikopo, na hachukui hela."

Tukaenda. Rhoda alikuwa binti mdogo kuliko Edward. Mayala aliona aibu kumweleza, kwa hiyo nilieleza mimi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mna nakala ya mkataba?" aliuliza.

"Hatuna."

"Stakabadhi?"

"Hatuna."

"Mlimwomba leseni ya kukopesha?"

Mayala alikohoa. "Binti yangu, mtu anakula kwako, utamwomba leseni?"

"Ndiyo, baba," alisema Rhoda taratibu. "Mkopeshaji wa kweli anapewa leseni chini ya taratibu za Benki Kuu, na hakasiriki ukiomba kuiona. Anakupa mkataba kwa Kiswahili, anakueleza riba na jumla utakayolipa, na nakala inabaki kwako. Una haki ya kuichukua karatasi ukaisome kwanza, urudi siku nyingine. Anayekuharakisha ana lake jambo."

Maneno hayo yaliniuma. Yalikuwa mepesi, na yangetosha ile Alhamisi. Kisha Rhoda akauliza, "Hela mlizolipa mlituma kwa njia gani?"

"Kwa simu yangu," nilisema. "Meseji zipo. Sifuti kitu mimi."

Akazisoma zote tatu, kisha akatabasamu kidogo. "Mama, mtu akikuuzia ng'ombe, nani anamlipa mwenzake?"

"Mnunuzi anamlipa muuzaji."

"Sasa nyie mliouza mlikuwa mnamtumia mnunuzi laki moja kila mwezi ya nini?"

Mayala aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lile lori liondoke.

"Huu ulikuwa mkopo uliovikwa nguo ya mauzo," alisema Rhoda. "Meseji hizi ndizo zinasema ukweli. Mimi si wakili. Lakini yupo msaidizi wa kisheria hapa kata, msaada wake ni bure. Na afisa biashara wa halmashauri atataka kujua huyu anakopesha kwa leseni gani."

Afisa biashara alikuta Donatus hana leseni ya kukopesha. Alikuwa na leseni ya kuuza vifaa vya simu. Barua ya msaidizi wa kisheria ilipomfikia, na polisi nao walipomwita, akawa mpole tena. Shikamoo zikarudi. Alikubali kwa maandishi kwamba ulikuwa mkopo, akafuta lililobaki. Akamrudisha Kulwa.

Doto alikuwa ameshauzwa mnadani. Aliyemnunua alikuwa mchinjaji. Madai ya fidia ya Doto bado yapo kwenye baraza la kata, tunaitwa, tunaahirishiwa, tunarudi nyumbani. Rhoda anasema tusikate tamaa. Mimi nimekata tamaa na bado nakwenda.

Mvua ziliponyesha, Serafina alituazima maksai wake mmoja. Maksai huyo naye alikuwa amezoea upande wa kulia. Kulwa alikataa kabisa kwenda kushoto. Tulipoteza siku sita tunamfundisha yule wa Serafina, huku wenzetu wanapanda. Kila walipofika mwisho wa tuta, Kulwa alisimama akageuza kichwa kushoto, akamtazama yule mgeni, akakataa kuondoka mpaka apigwe. Mayala hakumpiga. Alishika kamba akamvuta mwenyewe. Tulilima ekari mbili badala ya tano, na moja ya Serafina. Tulivuna cha kula, hatukuvuna cha kuuza.

Sasa tumo kwenye kikundi cha kuweka na kukopa ambacho Rhoda alitusaidia kukisajili. Hela inahesabiwa mbele ya wote, kila mtu ana kitabu chake. Mkopo wangu wa kwanza ulikuwa wa mbegu, riba yake niliijua kabla sijapokea, na nimeshaumaliza. Mayala anakwenda kisomo cha watu wazima Jumatano na Jumamosi. Anaandika jina lake, anasoma polepole na kidole.

Mwezi uliopita alikuja mgeni, wakala wa kuuza taa za sola kwa malipo ya kidogo kidogo. Anaitwa Stanslaus, kijana mwenye adabu. Nikasonga ugali kama kawaida, nikaleta maji ya kunawa. Alinawa, akaketi, akatoa mkataba.

Mayala akausogeza mkeka wa chakula pembeni. "Tusome kwanza," alisema.

"Chakula kitapoa, baba," alisema Stanslaus.

"Kipoe."

Kijana alicheka kwa wasiwasi. Akatafuta la kusema, akatazama zizini. "Maksai wenu mzuri," alisema. "Mbona yuko mmoja? Wa pili yuko wapi?"

Mayala alimjibu bila kupandisha sauti. "Wa pili alichukuliwa na mtu aliyekula hapo ulipokaa."

Stanslaus alikunja mikono yake mapajani. Mayala akachukua mkataba, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akaanza kusoma mwenyewe. Lilimchukua muda mrefu. Mimi nilikaa kando yake na bakuli la mboga, na safari hii hakuna aliyenituma popote.