Vidonge vya Baba

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea kibarazani kwa sababu ndani hakukuwa na mwanga wa kutosha. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, na watu walimwita Cheche. Mageti mengi ya mtaa ule yalikuwa kazi ya mikono yake.

Walikuwa na binti mmoja. Alikuwa na mabega mapana, na akicheka alisikika mpaka nyumba ya tatu. Mchezo wake ulikuwa kurusha tufe, lile donge zito la chuma. Alilirusha mbali kiasi kwamba wenzake walimpa jina la Mzinga. Jina likashika. Hata mama yake sasa aliitwa Mama Mzinga.

"Mzinga, weka sahani taratibu," baba alizoea kumtania wakati wa kula. "Hapa si uwanjani."

"Baba, nimeishika tu!"

"Ndiyo hofu yangu."

Siku moja mtungi wa gesi ulivuja karakanani. Moto ukalipuka. Baba aliungua kifua, mikono na mapaja. Alilazwa hospitali muda mrefu. Aliporudi nyumbani alikuwa mifupa mitupu. Mama alizipunguza suruali zake kiunoni, kisha akazipunguza tena.

Daktari alikuwa amemweleza mama wakati wa kumtoa wodini.

"Mtu akiungua sana, mwili wake huanza kula misuli yake wenyewe," alisema. "Kwa hiyo mpe mayai, maziwa, maharage na nyama ukipata. Atembee kila siku, hata kama ni kuzunguka nyumba. Na ameze vidonge hivi, ili mwili ujenge misuli upya. Tutampima damu mara kwa mara. Dawa hii ni yake peke yake, tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari," mama akajibu.

Kwenye pakiti kulikuwa na jina refu, oksandroloni. Mama hakuweza kulitamka. Alizoea kusema tu, "Vidonge vya baba." Alivitunza kabatini, juu ya vitambaa.

Baba akaanza kupata nguvu. Mashavu yalijaa kidogo. Alitembea hadi mlangoni, kisha hadi karakanani. Mama akazifumua suruali na kuzipanua tena. Alifanya kazi ile huku akitabasamu.

Wakati huohuo Mzinga alikuwa akijiandaa kwa mchujo wa timu ya taifa. Alifanya mazoezi asubuhi na jioni. Lakini kulikuwa na msichana mmoja, mrefu, ambaye kila mara alimshinda. Mzinga alirudi nyumbani na kuketi kizingitini na viatu vyake mkononi.

"Wa pili tena," alisema.

Mama alimtazama. Kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa akijinyanyua kitini bila kushikwa. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Alijiambia kuwa hii ni dawa ya hospitali, si dawa ya uchochoroni. Itamdhuru nini?

Kesho yake asubuhi aliweka kidonge kando ya kikombe cha chai cha binti yake.

"Meza hiki."

"Ni nini?"

"Ni dawa ya nguvu ya baba yako. Si unaona anavyonenepa?"

"Sasa baba atabaki na nini?"

"Mtagawana. Yeye ameshapata nafuu."

Mzinga alikigeuzageuza kidonge mkononi. Alitaka sana kushinda. Akameza, na siku zilizofuata hakuuliza tena. Baba hakuambiwa. Alipokea alichopewa na mkewe, akanywa maji, akasema ahsante.

Tufe likaanza kwenda mbali. Kocha alipima na kupima tena. Mikono ya Mzinga ilikaza kama kamba. Lakini na mambo mengine yakaja. Chunusi zilimjaa usoni na mgongoni. Nywele ngumu zilimwota kidevuni, akawa anazing'oa kwa kibanio. Hedhi ilikatika. Na sauti ikawa nzito, yenye mikwaruzo.

"Hayo ni mafua," mama alisema, akampa maji ya moto na asali.

"Umepiga kelele mno uwanjani," baba akasema. "Pumzisha koo."

Siku ya mchujo Mzinga alishinda. Yule msichana mrefu alimpa mkono, macho yamejaa machozi. Kabla ya kuondoka, ofisa mmoja mwanamke alimwita Mzinga pembeni. Akampa kichupa ili atoe mkojo wa kupimwa. Mzinga akautoa bila wasiwasi. Alijua ni utaratibu wa kawaida.

Nyumbani walipika, wakacheka, majirani wakaja kupongeza. Baba alipiga makofi polepole, kwa sababu viganja vyake vilikuwa bado vinauma. Ilikuwa furaha ya mwisho kwa muda mrefu.

Siku chache baadaye alikuja muuguzi wa kituo cha afya. Ndiye aliyekuwa akija kusafisha vidonda vya baba, ila safari hii alikuwa ametoka likizo ndefu.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu! Shikamoo," sauti ikaitika kutoka ndani.

Muuguzi akaingia. Akamkuta Mzinga anakunja nguo.

"Marahaba. Una kaka? Sikujua."

"Sina kaka, Mama Muuguzi. Ni mimi niliyeitika."

Muuguzi alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimtazama usoni, akamtazama kidevuni. Aliingia chumbani kwa baba, akafungua bandeji, akampandisha kwenye mizani.

"Cheche, mbona mizani imegoma? Mara ya mwisho ulikuwa unapanda vizuri. Na hiki kidonda cha pajani kimelala tu. Unakula?"

"Nakula mpaka naona aibu," baba akasema.

"Na vidonge?"

"Anameza," mama akajibu haraka kutoka mlangoni.

Muuguzi aligeuka akamtazama. "Mama Mzinga, twende jikoni. Na binti naye aje."

Jikoni aliuliza kwa sauti ya chini. "Vidonge vya mgonjwa anameza nani mwingine?"

Mama alishika ukingo wa meza.

"Mimi," Mzinga akasema.

Muuguzi hakufoka. Alivuta kigoda akakaa.

"Lakini ni dawa ya hospitali!" mama akasema. "Sikumpa uchafu."

"Hata dawa ya kushusha presha ni ya hospitali, mama. Mpe mtu asiye na presha uone kama hataanguka. Sikilizeni. Hii inaitwa steroidi ya kujenga mwili. Imetengenezwa maabara, na inafanya kazi kama homoni ya mwanamume. Mtu aliyeungua, au aliyekonda sana baada ya upasuaji mkubwa au ugonjwa mzito, daktari anaweza kumpa ili misuli irudi. Anampa kwa muda tu. Anampima damu kuona ini linakwendaje. Kisha anamwachisha."

"Mimi sijapimwa," Mzinga akasema.

"Ndiyo maana naogopa. Dawa hii inaweza kuumiza ini. Inaharibu mafuta ya damu, na moyo unalipia baadaye. Na kwa mwanamke inaleta mambo ya kiume. Hedhi unapata?"

Mzinga akatikisa kichwa. Mama alishtuka. Hilo hakuwa amelijua.

"Nikiacha leo, itakuwaje?"

"Hedhi yaelekea itarudi. Chunusi zitaisha. Nywele huenda zikapungua, huenda zikabaki."

"Na sauti yangu?"

Muuguzi alimshika mkono. "Nyuzi za kooni zikishanenepa, mara nyingi hazirudi kama zamani. Sitakudanganya, mwanangu."

Mama alikaa chini sakafuni, palepale jikoni. "Nimefanya nini mimi?" alisema. "Nimefanya nini?"

"Na jambo lingine," muuguzi akaendelea, kwa upole. "Michezoni dawa hii imepigwa marufuku, kwenye mashindano na hata kwenye mazoezi. Mwanamichezo akiugua kweli na kuhitaji dawa iliyokatazwa, huomba kibali kwa wenye mamlaka, akiwa na vipimo vya daktari. Mtu mwenye afya njema anayetaka tu kurusha mbali hapewi kibali. Mlipimwa siku ya mchujo?"

"Tulipimwa," Mzinga akasema.

"Basi mwambie kocha leo. Usingoje akuambie yeye. Kesho njoo kituoni, nitakupeleka hospitali mwenyewe. Na wewe mama, kuna mtu chumbani mle anastahili kujua."

Mama alikwenda. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, amekaa ukingoni mwa kitanda, bandeji mpya mikononi.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungenikatalia."

"Ningekukatalia, ndiyo." Akamwita binti yake, akamketisha karibu. "Moto ulioniunguza mimi ulikuwa ajali," alisema. "Wewe tumekuunguza sisi, tena mezani, pamoja na chai."

"Wewe hukujua, baba."

"Nilikuona unabadilika. Nikafanya mzaha."

Aligeuka akatazama ukutani, na hawakumwona uso.

Hospitali walikuta ini la Mzinga limeanza kusumbuka. Daktari alisema bahati yake ameacha mapema. Alimwambia mama maneno makali, kisha akamwandikia binti tarehe za kurudi kupimwa.

Kocha, alipoambiwa, alikaa kwenye benchi la uwanja na kofia yake mkononi. "Mzinga, ungeniuliza," alisema. "Neno moja tu. Ungekuja na kile kidonge ukaniuliza." Majibu ya mkojo yalipotoka, yalisema yaleyale aliyokwisha kusikia.

Mzinga aliitwa mbele ya kamati. Alisema ukweli wote, na mama akasimama kando yake akakiri. Wajumbe waliwasikiliza vizuri. Lakini walisema mwanamichezo ndiye mwenye jukumu la kila kinachoingia mwilini mwake, hata kikitoka mkononi mwa mama. Ushindi ulifutwa. Alifungiwa kushindana kwa miaka kadhaa, na nafasi ikaenda kwa yule msichana mrefu.

"Ilikuwa yake," Mzinga alimwambia baba njiani wakirudi. "Mimi ndiye niliyemliza bure siku ile."

Nyumba ikawa kimya. Zamani Mzinga aliimba akifagia. Sasa alifagia tu. Simu ikilia hakupokea, kwa sababu wapigaji walimwita kaka, kisha wakaomba radhi, na ile radhi ndiyo iliyomuuma zaidi. Mama alishona nguo za watu bila kuinua kichwa. Mara nyingine alisimamisha cherehani akasikiliza, kama anangoja wimbo.

Hata hivyo miezi ilikwenda, na yapo yaliyorudi. Baba sasa alipata dawa yake yote kama ilivyoandikwa. Kidonda cha pajani kikafunga. Mizani ikapanda mpaka daktari akaridhika, akamwachisha vidonge, akasema vilivyobaki virudishwe hospitali. Mama alivirudisha siku hiyohiyo, kwa mkono wake. Baba akafungua tena karakana. Mzinga alimsaidia kuinua vyuma, na baba akamfundisha kuchomelea. Hedhi yake ilirudi. Ini likapona. Chunusi zikaacha makovu madogo. Sauti ilibaki nzito.

Asubuhi moja alikuja jirani, mke wa kinyozi. Alileta kitambaa cha kumshonea binti yake bukta ya mazoezi. Binti huyo alikuwa mkimbiaji. Jirani alipokwisha kutaja vipimo alikaa kidogo, akasogeza kiti.

"Mama Mzinga, nikuulize kitu, tusisikike. Kuna kijana kwenye ukumbi wa mazoezi ameniletea vidonge. Anasema vinaongeza mbio. Nyinyi si mnavijua vitu hivi? Nimpe kimoja au viwili?"

Mama aliweka mkasi chini. "Umeshampa?"

"Bado. Ninavyo hapa mkobani."

"Usimpe. Nakuomba, mwenzangu, usimpe hata kimoja. Mimi nilimpa wangu."

Mzinga alikuwa karakanani, lakini alisikia. Angeweza kubaki hukohuko. Alivua glavu, akaja kibarazani, akasimama mbele ya mgeni.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema.

Jirani aliruka kidogo kitini. Tangu yatokee yale, alikuwa hajamsikia Mzinga akizungumza.

"Mara... marahaba, mwanangu."

"Hii ndiyo sauti yangu sasa. Nilimeza kwa muda mfupi tu, tena dawa halisi ya hospitali, inayojulikana imewekwa nini. Hiyo uliyonayo hujui hata imetoka wapi. Mpeleke binti kituo cha afya na hivyo vidonge. Mwulizeni muuguzi, atawaeleza bila kuwasema vibaya."

"Na mbio zake?"

"Ale, alale, afanye mazoezi. Akiwa wa pili, awe wa pili. Mimi leo ningefurahi kuwa wa pili."

Jirani alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Alikwenda moja kwa moja kituo cha afya, hata bila kuaga vizuri. Jioni binti yake alipita mbio barabarani, akawapungia mkono.

Lakini asubuhi ile, jirani alipokwisha kuondoka, mama alichukua sindano aanze kile kitambaa kipya. Macho yalimjaa maji. Uzi ukapita kando ya tundu, ukapita tena kando.

"Mwanangu," alisema bila kuinua uso, "umenisamehe?"

Mzinga alifikiri. Hakutaka kusema uongo.

"Bado, mama," alisema. Akavuta kiti, akakaa karibu yake. "Lete hiyo sindano nikutungie uzi."