Dakika Sita za Seva

Saa 3:10 asubuhi

Kasimiri alichora kwa chaki juu ya bati. Chumba kilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, mtaa wa Kizwite, na kelele za mashine zilimeza maneno ya watu watatu waliokuwamo.

"Mlango wa kwanza. Korido. Mlango wa pili. Nyuma yake, dhahabu. Flavian, sema."

Flavian alikuwa fundi wa kompyuta, na alikuwa amemwoa Monika, mdogo wake Kasimiri. Mwezi mzima ghala la Kalonje, linalohifadhi dhahabu ya wachimbaji wadogo, lilikuwa likimwita kwa tatizo moja: seva ilikuwa ikizimika na kuwaka yenyewe.

"Ni kompyuta moja kubwa," alisema. "Ndani yake zimegawanywa mashine tatu, kila moja na kazi yake. Kamera, milango, taarifa za wateja. Saa saba na robo mchana inaanza kuzinakili zote kwa mkupuo. Bakapu. Hapo ndipo inapozima."

"Kwa nini?" aliuliza Zephania, dereva wao. Mguu wake haukutulia chini ya meza.

"Ina pawasapulai mbili za kuilisha umeme, moja imekufa. Iliyobaki inajikongoja, ila bakapu ikianza inazidiwa, inakata. Nilidhani ni joto. Nikabadilisha ramu. Bado. Nilipopima umeme ndipo nikaiona."

"Na hukuwaambia," Kasimiri alidakia.

"Nimewaambia naendelea kuchunguza."

"Muda?"

"Dakika sita mpaka irudi. Kamera hazioni. Sumaku zinazofunga milango yote miwili zinaachia."

"Dakika sita zinanitosha," alisema Kasimiri.

"Na mlinzi? Mzee Alois?" aliuliza Flavian.

"Tutamfunga. Kamba tu."

"Kamba tu," Flavian alirudia.

Kasimiri alifuta mchoro kwa kiganja.

Saa 6:40 mchana

Gari lao, Noah, lilisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na ghala. Jua lilikuwa kali lakini upepo ulikuwa wa baridi, na Flavian alikuwa amevaa koti. Kasimiri alitoa kitu chini ya kiti, akakichomeka kiunoni. Bastola, mguu wa kuku.

"Hiyo ya nini?" Flavian aliuliza.

"Mzee ni mtu wa Chala, kama mimi. Amenijua tangu mdogo. Barakoa haitanificha kwake."

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu siku uliponitajia jina lake."

"Tulikubaliana kamba."

Zephania alitazama usukani.

"Ukiniangusha, shemeji," Kasimiri alisema taratibu, "naingia hivyo hivyo. Risasi zitaanzia mapokezi, kwa yule dada. Chagua."

Flavian alishuka na mkoba wake.

Saa 6:55 mchana

Silvana wa mapokezi alimfungulia milango yote miwili kwa kadi.

"Leo litaisha, fundi? Bosi amechoka."

"Leo litaisha."

Mzee Alois alikuwa kitini, nyuma ya mlango wa pili, amekunja mikono kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Chumba cha seva kilikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti kile. Flavian alifungua mkoba. Pawasapulai mpya ilikuwa ndani, imefungwa kwenye boksi lake. Aliiagiza Dar wiki tatu nyuma, kabla hajamsimulia Kasimiri lolote. Kila alipokuja, aliibeba. Kila alipoondoka, aliondoka nayo.

Saa 7:12 mchana

Kwenye skrini ya kamera alimwona Kasimiri mapokezi, amevaa kofia na barakoa, ameshika kifurushi kama mteja. Silvana akamfungulia. Kasimiri akaingia koridoni. Mlango wa kwanza ukajifunga nyuma yake.

"Mzee, njoo unishikie tochi."

"Kuna mteja pale."

"Dakika moja tu, mzee wangu. Tafadhali."

Mzee aliinuka akilalamikia mgongo. Flavian alichomoa pawasapulai iliyokufa, akaisukuma mpya mpaka ikalia. Taa ya kijani. Akafunga mlango wa chumba.

Saa 7:15 mchana

Feni zilinguruma. Bakapu ilianza. Asilimia mbili. Asilimia tano. Flavian aliwapigia mapokezi.

"Dada Silvana, toka nje sasa hivi. Yule mteja ana bastola. Ita polisi. Usiguse mlango."

Akakata. Simu yake ikaita papo hapo.

"Mbona haizimi?" Sauti ya Kasimiri ilikuwa ya chini sana.

"Haitazima."

Kwenye skrini Kasimiri aliangalia mlango wa nyuma yake, kisha wa mbele.

"Umeitengeneza."

"Ndiyo."

Risasi tatu zilipiga kioo cha mlango wa pili. Mbili zilinasa. Ya tatu ilipenya na kuangusha kiti kitupu cha mzee. Mzee Alois alimtazama Flavian.

"Mwanangu, ulijuaje?"

Flavian aligeukia skrini.

Nje, Zephania alisikia milio. Akaiwasha Noah, akashika barabara ya kuteremkia Mtowisa.

Saa 7:40 mchana

Polisi walimtaka Kasimiri atupe silaha. Akaitupa. Walimtoa akiwa na pingu, barakoa imeshuka kidevuni. Mapokezini Silvana alikuwa akilia, huku amemshika Flavian mkono.

"Na huyu?" aliuliza sajenti.

"Huyu ni fundi wetu. Ndiye aliyetuokoa."

Sajenti aliitikia kwa kichwa. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Kasimiri alisimama mbele ya Flavian.

"Shemeji," alisema, "ukifika nyumbani, msalimie Monika."

Silvana aliuachia mkono wake. Sajenti aligeuka.

"Amekuitaje?"

Flavian aliuweka mkoba sakafuni.

"Tulikuwa watatu," alisema. "Mmoja amekimbia na gari. Wa tatu ni mimi."