Dobi na Matete ya Ukingoni

Dobi alikuwa fundi wa kufua na kupiga pasi, na mtaa mzima ulimjua. Shati lililoingia kwake na doa la mafuta lilitoka kama limenunuliwa jana. Mdomo wake nao haukuwa na likizo. "Lete hiyo suti," alikuwa akiwaambia vijana. "Nitainyoosha mpaka mkwe wako adhani una kazi!"

Nyumba yake ilikuwa kando ya mto. Ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa chake na mkewe. Kingine kilikuwa cha mama yake mzazi, aliyepooza miguu. Nyuma ya nyumba palikuwa na kamba za kuanikia, kisha kibanda cha pasi, kisha ukingo wa mto. Ukingo wote ulijaa matete marefu, na katikati yake ilisimama mikuyu miwili ya zamani.

Matete hayo ndiyo yaliyomtia Dobi wazimu. Kila kiangazi mashuke yake yalipukutisha manyoya meupe. Upepo uliyachukua na kuyabandika kwenye nguo mbichi. Siku moja mwenye duka alirudisha suti yake nyeusi.

"Dobi, hii umeifua au umeilalisha na kuku?" akauliza mbele za watu.

Watu wakavunjika mbavu. Dobi alicheka nao, lakini moyoni aliumia. Kazi ya mikono yake ndiyo ilikuwa heshima yake. Alifika nyumbani, hata maji hakunywa, akaanza kunoa panga.

"Unataka kufanya nini, bwana we?" mkewe akamuuliza.

"Nakata matete. Na mikuyu pia, inaziba jua."

"Usikate. Yule mama mtaalamu wa mimea, anayetufundisha ukumbini kila Alhamisi, alituambia kwamba mimea ile ndiyo inayoushika ukingo. Alituonyesha mpaka mizizi yake."

"Nani, Mama Magugu?" Dobi akaangua kicheko. "Yule anayesifia magugu kama ameyazaa? Wewe kule ulifuata soda tu."

"Soda nilikunywa, na masikio nilikuwa nayo," mkewe akajibu.

Dobi alikata kwa siku kumi, matete kwa panga na mikuyu kwa shoka. Alichimbua mizizi, akachoma visiki, akafagia. Ukingo ukabaki mtupu na safi, na nguo zikawa zinakauka kabla ya saa sita. Alijisifu wiki nzima. Laiti angejua!

Mvua kubwa zilipoanza, ukingo ulimeguka hatua mbili. Dobi akapanga magunia ya mchanga, akasema yamekwisha. Siku ya nne ya mvua, mchana kweupe, mto ulipanda ghafla. Maji yalipita chini ya magunia na kuyabeba moja moja. Udongo ulianguka kwa mapande.

Dobi alimbeba mama yake mgongoni ampeleke kwa jirani, ng'ambo ya barabara. Mlangoni aligeuka, akampigia mkewe kelele. "Toa nguo za watu kibandani!"

"Chini panatikisika," mkewe akasema.

"Tutawaambia nini wenyewe? Fanya haraka!"

Mkewe akaenda. Alitoa furushi moja, akaliweka mlangoni. Akarudi kuchukua la pili. Dobi alikuwa anarejea mbio kutoka kwa jirani aliposikia kishindo. Alipofika nyuma ya nyumba, kibanda hakikuwepo. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Walimpata mkewe siku ya tatu, mbali sana chini ya mto.

Watu walikuja kumpa pole. "Ni mapenzi ya Mungu, Dobi. Mafuriko yale yalikuwa makubwa, hakuna ambacho kingeyazuia." Dobi aliishika kauli hiyo kwa mikono miwili. Bila hiyo asingeweza kula wala kulala.

Lakini chumba cha mama yake sasa kilikuwa hatua tano tu kutoka ukingoni, na hawakuwa na pa kuhamia.

"Mwanangu," mama yake akamwambia, "mimi siwezi kukimbia. Utanibeba mara ngapi?"

Dobi akapiga moyo konde. Alhamisi iliyofuata alikwenda ukumbini, akakaa nyuma kabisa. Mazungumzo yalipokwisha alimfuata yule mama.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuita Mama Magugu."

"Marahaba. Jina hilo nalijua, halinidhuru. Pole sana, baba. Twende nikaone."

Mtaalamu huyo hakumgombeza. Alipiga magoti ukingoni, akachimbua kipande cha mzizi uliosalia.

"Tazama. Huku chini mizizi ya matete hufumana kama mkeka. Mkeka huo ndio unaoushika udongo. Na mafuriko yakija, mabua hulala juu ya udongo na kuufunika, maji yakapoteza kasi. Mizizi ya mkuyu nayo hushuka chini zaidi. Magunia hayana mizizi, ndiyo maana yalikwenda."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Kwanza, usiuache ukingo umesimama kama ukuta. Uchonge uwe mteremko. Kiangazi, maji yakiwa chini, panda vipande vya mizizi ya matete vyenye macho ya kuchipua, karibu karibu. Juu zaidi ya mteremko chomeka vijiti vibichi vya mkuyu, vitaota. Usilete mmea wa kigeni kwa kuwa una maua mazuri. Mimea ya hapa imeuzoea mto huu. Ukitaka kukata matete, kata mabua, acha mizizi. Na nguo zako anika upande wa barabara."

Dobi akauliza taratibu, "Yangekuwepo siku ile, mke wangu angekuwa hai?"

Mama wa mimea aliutazama mto. "Sijui, baba. Maji yalikuwa makubwa."

Dobi alipanda kiangazi chote. Asubuhi alifua, mchana alichimba. Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kidogo, matete yakapata nafasi ya kushika. Mwaka wa pili yalimzidi kimo.

Mwaka huo mto ulifurika tena. Dobi alimhamishia mama yake kwa jirani mapema, na safari hii hakuacha mtu nyuma wala hakujali nguo. Maji yalipopungua alirudi. Alama ya tope ukutani ilikuwa imepita ile ya zamani kwa shubiri nzima. Maji haya yalikuwa makubwa kuliko yale yaliyomchukua mkewe.

Akaenda nyuma. Matete yalikuwa yamelala chini, yamejaa matope. Ukingo ulikuwa palepale, haukupungua hata unyayo. Chumba cha mama yake kilikuwa kizima.

Dobi akaketi kwenye tope, akalia kama siku ya msiba. Kauli aliyoishika miaka miwili ilikuwa imemponyoka.

Alhamisi alisimama ukumbini mbele ya watu wote. Safari hii hakuwa na utani.

"Mlinifariji mkasema hakuna ambacho kingeyazuia yale maji. Kilikuwepo. Nilikikata mimi, kwa panga langu, kwa ajili ya manyoya kwenye suti. Mke wangu alinikataza, nikamcheka. Kisha nikamtuma kibandani. Ukingo wangu sasa umeshika, na mama yangu analala salama. Nimechelewa mvua moja tu."

Mwenye duka alikuwa wa kwanza kuinuka. Nyumba yake nayo ilikuwa mtoni, na ukingo wake ulikuwa mtupu.

"Dobi," akasema, "nipe mizizi nikapande."

Wakatoka pamoja, na watu wengine kumi nyuma yao. Dobi aliwachimbia mpaka jua likazama.