Fundo la Mpira Mkononi mwa Silvesta

Siku zile, kabla bomba la maji halijafika kijijini Mkunya, jogoo wa kwanza alikuwa wa akina mama. Akiwika tu, milango ilianza kulia nyumba hadi nyumba, na wanawake wakatoka na mitungi na madebe yao kushuka bondeni. Uwanda wa Wamakonde ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha, maji huzama yakapotea. Basi maji yalifuatwa chini kabisa ya mteremko, kwa njia ya mawe na miiba, na kurudi ni kupanda mzigo ukiwa kichwani. Walioondoka gizani walirudi jua likiwa kali. Lakini msidhani walinung'unika njia nzima. Waliimba, walitaniana, walisengenyana kidogo pia. Wazee wa leo waliokuwa watoto enzi hizo za Mwingereza, ukiwauliza habari za nyimbo zile, huziimba kwanza, ndipo husimulia.

Ethel alikuwa mmoja wa watoto hao. Alikuwa na miaka kumi na miwili, msichana wa darasa la nne, mwepesi wa mikono na wa ulimi. Kila asubuhi alifagia uwanja, akaanika mihogo juu ya jamvi, kisha akamlinda mdogo wake, Silvesta, mtoto wa miaka sita aliyekuwa na maswali mengi kuliko meno. Katika pembe ya nyumba yao palikuwa na mtungi mkubwa wa udongo, na mtungi huo ulikuwa na sheria zake. Kunywa, kata moja moja. Maji ya kunawia uso hayakumwagwa ovyo, yalipelekwa kwenye mche wa mpapai.

"Maji haya yana shingo yangu ndani yake," mama yao alizoea kusema.

Jumamosi moja baada ya mavuno, baba yao, Mzee Edmund, alikwenda kupalilia mikorosho yake. Mama naye alikwenda kumsaidia dada yake kupura kunde katika kijiji cha jirani. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni akamwangalia Ethel usoni.

"Maji hayo ni ya leo na kesho. Kesho ni Jumapili, sishuki bondeni. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na mwenzio usimwache."

"Ndiyo, mama. Kwaheri ya kuonana."

Alisikia kweli, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini nyuma ya nyumba palikuwa na shamba la karanga lililokwisha kuvunwa, na humo panya wa shamba walikuwa wamenona. Asiyejua utamu wa panya wa kuchoma baada ya mavuno asicheke. Aulize wenyeji kwanza. Silvesta ndiye aliyeliona shimo, na udongo mbichi mlangoni pake. Ethel alichukua jembe akachimba. Shimo likashuka, likapinda, likaingia chini ya mizizi ya mkorosho, jembe lisiweze kufuata.

"Dada, tummwagie maji," Silvesta alisema. "Wale wakubwa wakienda bondeni humwagia maji, panya anatoka mwenyewe."

"Maji gani, wewe?"

"Si yale ya mtungini?"

Ethel alimkaripia. Kisha akawaza: kata moja tu, nani atajua? Kata moja ikaingia shimoni, mchanga ukainywa kimya. Ya pili ikaingia, na ya tatu. Mtu akishamwaga kata tano huona uchungu kuacha, maana zile tano zitakuwa zimepotea bure. Mwisho Ethel aliukumbatia mtungi wenyewe, akautoa nje akiyumba, akauinamisha juu ya shimo. Lo! Mchanga wa Mkunya haujui kushiba.

Panya alitoka kweli, amelowa, kwa tundu la upande wa pili ambako Silvesta alikuwa amechutama. Mtoto akamdaka kwa mkono. Panya akageuka, akamng'ata kidole cha shahada, akachomoka, akatokomea majanini. Silvesta akapiga yowe. Damu ilikuwa inachuruzika, na Ethel akashikwa na hofu. Alikumbuka kuona watu wazima wakifunga mahali palipokatwa ili damu isimame. Akaichukua manati ya Silvesta, akang'oa mpira wake, akauzungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono, akafunga fundo.

Hapo ndipo macho yake yalipouangukia mtungi. Ulikuwa umelala ubavu, umekauka. Na hapo hapo akasikia kengele ya baiskeli ya baba yake.

"Kuna nini? Mbona mtoto analia hivyo?"

Ethel angeweza kusema panya. Lakini panya angezaa swali la maji, na maji yangemzaa mama na fimbo. Nyoka je? Nyoka hana wa kumlaumu. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Nyoka, baba! Ameumwa na nyoka!"

Baiskeli ilianguka mchangani gurudumu likizunguka. Mzee Edmund alimshika mwanawe, akautazama mkono.

"Nani amefunga hapa?"

"Mimi, baba."

"Umefanya vyema, mwanangu. Umemwokoa mdogo wako."

Kisha akaushika ule mpira kwa mikono yake ya jembe, akauvuta, akakaza fundo la pili ili sumu isipande moyoni. Silvesta alilia mpaka sauti ikakatika. Ethel alijisikia vibaya sana. Alikuwa hajawahi kusifiwa hivyo na baba yake, na sifa yenyewe ilimchoma. Baba alipoinama kuinua baiskeli, alimnong'oneza mdogo wake, "Ukiulizwa, sema nyoka. Ukisema panya, mama atatuua."

Silvesta alikaa kwenye bomba la baiskeli, Ethel nyuma kwenye keria, wakashika njia ya zahanati iliyokuwa kando ya barabara ya Newala. Penye mchanga mzito walishuka, baba akasukuma huku anakimbia, jasho likimtiririka. Ethel aliutazama ule mkono njia nzima. Ulianza kuvimba. Vidole vikawa vyekundu sana, kisha zambarau. Alipougusa aliona umepoa, ingawa jua lilikuwa kali. Mwanzoni Silvesta alilia kila baiskeli iliporuka. Halafu akanyamaza.

"Unaumwa bado?" Ethel aliuliza.

"Hapana. Dada, mkono wangu haupo. Siusikii."

Ethel alitamani mdogo wake angelia kuliko kunyamaza hivyo.

Mganga wa zahanati aliitwa Basil, lakini watu wote walimwita Bwana Dresa, yaani mfunga vidonda. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, mpole, na asiyependa kuharakishwa. Baada ya salamu fupi aliuweka ule mkono mapajani mwake, akaukodolea macho. Akabonyeza ukucha wa kidole gumba. Haukubadilika rangi.

"Amefungwa tangu lini?"

"Inapata saa nzima na zaidi," alijibu Mzee Edmund.

"Nyoka wa namna gani?"

Baba akamgeukia Ethel. Ethel akatazama sakafu. "Sikumwona vizuri."

Dresa akavua miwani. "Hapo ndipo penye shida, Baba Ethel. Mpira huu ukikaa, mkono utakufa. Nikiufungua, na kama ni nyoka mbaya, sumu itaingia mwilini nami hapa sina dawa yake. Dawa iko hospitali Masasi, na lori litapita hapa alasiri. Nikikosea upande wowote, ni huyu mtoto atakayelipa." Akamwinamia Silvesta. "Haya, mjukuu wangu, sema mwenyewe. Nini kilikuuma?"

Silvesta alimtazama dada yake. Alimtazama kwa macho ya kumwamini kabisa, kama mtoto anayesubiri kuambiwa avuke barabara.

"Nyoka," akasema.

Ethel hakuweza tena. Alipiga magoti palepale penye sakafu ya saruji.

"Si nyoka! Ni panya, nilimwona kwa macho yangu! Nilimwaga maji yote ya mama shimoni, mtungi mzima, nikaogopa. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema nyoka. Baba, mfungulieni, tafadhali mfungulieni!"

Mzee Edmund aligeuka kumtazama binti yake. Lakini dresa hakupoteza hata nukta moja. Alikipangusa kidole kwa pamba, akaangalia alama za meno, pacha ndogo zilizokaribiana, juu na chini.

"Meno ya panya, kweli," alisema. Akapenyeza ncha ya mkasi chini ya mpira, akaukata.

Kwa kitambo hakuna kilichotokea, na kitambo hicho Ethel alikiona kirefu kuliko njia yote ya bondeni. Kisha chini ya alama ya mpira rangi ikaanza kutembea. Ikashuka kiganjani, ikaingia kidole kimoja kimoja. Zambarau ikafifia, mkono ukawa mwekundu kuliko ule mwingine, ukawa wa moto. Silvesta akakunja uso, akapiga yowe kubwa.

"Unachoma! Unanichoma!"

"Lia, mjukuu wangu, lia sana," Dresa Basil alisema huku anacheka. "Kilio hicho ni dawa."

Alibonyeza ukucha. Ukawa mweupe, akauachia, ukarudia wekundu wake mara moja. Ndipo Mzee Edmund akaketi kwenye benchi.

"Mbona umekuwa mwekundu hivi, Bwana Dresa?" aliuliza.

Dresa alikuwa anakiosha kidole kwa maji ya sabuni. "Damu hutoka moyoni kwa mishipa mikubwa," alisema. "Lakini mishipa hiyo ina kuta nene; damu inapita tu, nyama haipati kitu. Basi hugawanyika, ikagawanyika tena, mpaka ikawa mishipa myembamba kuliko unywele. Hiyo inaitwa kapilari. Ethel, mtungi wa kwenu ukijaa maji, ukiupapasa kwa nje unasikia nini?"

Ethel aliinamisha kichwa. "Umelowa."

"Haukuvuja, lakini umelowa. Maji yamepenya udongo. Kuta za kapilari nazo ni nyembamba mno, vitu hupenya. Hewa safi na chakula hutoka kwenye damu kuingia kwenye nyama. Hewa chafu na taka za nyama huingia kwenye damu zikachukuliwa. Damu iliyofungiwa hapa ilikwisha kutoa hewa yake yote, na nyingine haikuja. Ndiyo maana mkono ulibadilika rangi, ukapoa, ukafa ganzi. Nyama ilikuwa na njaa, na imekaa katika taka zake."

"Na huu wekundu?"

"Kabla ya kapilari kuna vilango, vimisuli vidogo vinavyobana na kulegea. Nyama ikipungukiwa na hewa, taka zikizidi, zenyewe huvilegeza vile vilango hapohapo. Hazingoji amri ya kichwa. Ndivyo miguu inavyopata damu nyingi ukikimbia, na ukipumzika vilango hubana tena. Mkono huu ulikuwa umefungua milango yote tangu zamani, unaita. Tulipokata mpira, damu ikaingia kwa wingi mpaka njaa iishe. Baadaye utarudia rangi yake."

Mzee Edmund akakuna kidevu. "Kwa hiyo ule mkono ulikuwa unasema kweli muda wote."

"Ulisema kwa rangi, kwa baridi, kwa ganzi. Sisi ndio tuliodanganywa." Dresa alimaliza kufunga kidole kwa kitambaa chepesi, akaingiza kidole chake chini ya kitambaa kuhakikisha hakikubana. Kisha akamgeukia Ethel, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukija kwa mganga, mletee ukweli kwanza, mgonjwa baadaye. Damu ya kidonda kidogo unaisimamisha kwa kukandamiza kitambaa safi juu yake. Hufungi mkono wa mtu kama mzigo wa kuni."

Siku hizi wauguzi hufundisha kwamba hata aliyeumwa na nyoka hakazwi kamba. Hutulizwa, asitembezwe, apelekwe hospitali upesi. Siku zile hilo lilikuwa halijajulikana na wengi.

Walirudi polepole, baba akisukuma baiskeli na Silvesta amesinzia juu yake. Ethel alingoja kugombezwa. Walipoifikia mikorosho, baba yake alisema.

"Fundo la kwanza ulifunga wewe, kwa woga. Hilo nalisamehe. La pili nililikaza mimi, kwa mikono hii, nikidhani namponya mwanangu. Unajua nani aliniambia nikaze?"

"Uongo wangu, baba."

"Uongo ukishautoa mdomoni, si wako tena. Mwingine anauchukua, anaufanyia kazi kwa nguvu zake zote. Nilikuwa namuua mwanangu huku nakusifu." Akamweka Silvesta sawa juu ya baiskeli. "Mama yako utamwambia mwenyewe. Mimi sitasema neno."

Mama alikuwa amefika. Alikuwa amesimama uwanjani, kata mkononi, kanga imelegea begani, midomo imekauka kwa safari. Ethel alimpa shikamoo, kisha akasema yote bila kungoja kuulizwa: shimo, mtungi, panya, mpira, nyoka asiyekuwapo. Alisema mpaka mwisho, akanyoosha mikono miwili apigwe.

Mama hakumpiga. Alimpokea Silvesta kutoka kwenye baiskeli, akaushika ule mkono, akaugeuza huku na huku, akauweka shavuni pake. Ulikuwa na joto. Machozi yakamtoka.

"Maji nitateka tena, Ethel," alisema. "Bonde lipo. Mkono wa mwanangu ningeuteka wapi?"

Kesho yake jogoo wa kwanza alipowika, akina mama wa Mkunya walishangaa kumwona Mama Ethel, asiyeshuka bondeni Jumapili, akishuka nao mteremkoni, na nyuma yake binti yake akiwa na debe kichwani. Walipomuuliza Ethel kulikoni, aliwaeleza yote, hakuficha kitu.