Mama Hakutengwa na Kanisa

Kila asubuhi fundi alikaa dirishani na cherehani yake. Mama mkwe wake alikaa kando, akikata nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo. Mmoja anashona, mwingine anakata na kupiga soga. Mama huyo alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, na hata mkasi wake ulikata kwa mapigo ya wimbo.

Kisha ugonjwa ukaingia mjini. Ulipita kwa pumzi, kutoka mtu hadi mtu, na wazee ndio uliowaumiza zaidi. Ibada zikasimamishwa. Gari lenye kipaza sauti likapita mtaani: "Wazee watengwe! Wazee watengwe!"

Tangu hapo mama mkwe akanyamaza. Chakula akawa anakionja tu, kisha anaisukuma sahani.

"Mama, kula basi. Au chumvi imezidi?"

"Umepika vizuri, mwanangu. Hamu ndiyo sina."

Fundi alimgusa paji la uso. Homa hakuna. Kikohozi hakuna. Lakini gauni alilomshonea kwa kipimo sasa lilikuwa linampwaya, na jicho la fundi halidanganywi na nguo. Akaingiwa na hofu. Mama anapukutika hivihivi?

Siku moja alimkuta akikunja joho la kwaya.

"Unalipeleka wapi, mama?"

"Utamrudishia Mchungaji. Mtu aliyetengwa havai joho."

"Nani kakutenga?"

"Si walitangaza na gari? Mtaa mzima ulisikia! Sijaiba. Sijamsengenya mtu. Haya, nimesengenya kidogo, lakini nani hajasengenya? Na Mchungaji hajapiga hata simu kuniambia kosa langu."

Hapo fundi akaelewa. Katika kanisa lao, kutengwa ni adhabu. Mtu akikosa sana hutengwa: haimbi, wala hashiriki meza ya Bwana, mpaka atubu. Mama alisikia neno la gari kwa sikio la kanisani!

Tena kila asubuhi Mchungaji alituma mahubiri kwenye kundi la simu. Watu walijibu, "Amina, tuko pamoja." Fundi naye alijibu hivyo, kimyakimya, huku akishona. Lakini mama alikuwa na kisimu cha kupiga na kupokea tu. Siku zote hizo hakupata hata neno moja.

Fundi akamwita jirani yao, nesi. Nesi alisimama nje ya dirisha, barakoa usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia."

"Siingii, mama. Nimetoka wodini. Tuongee hapa hapa." Akaendelea, "Neno la lile gari halikukaa vizuri. Tulitaka kusema wazee walindwe. Mwili ndio unaokaa mbali, siyo moyo. Mgeni akija, azungumze nawe nje, asogee mbali kidogo, avae barakoa. Msijifungie wengi chumba kimoja. Na kuimba kunatoa pumzi nyingi kuliko kuongea. Ndiyo maana kwaya ilisimamishwa mapema."

"Kumbe siyo kwamba tunaimba vibaya?"

"Hilo sijui, mama, mimi ni nesi tu. Ninachojua, usipokula mwili unakosa nguvu. Ugonjwa ukija utakukuta mlango wazi."

Mama akatabasamu kidogo, kisha akatikisa kichwa. "Umesema vizuri. Lakini wewe si Mchungaji. Kanisa likinyamaza, mimi nitajuaje?"

Fundi hakubishana. Akatoka uani, akampigia Mchungaji, akamweleza yote. Muda si mrefu kisimu cha mama kikalia.

"Mama, nisamehe," Mchungaji alisema. "Nilihubiri kwenye simu, watu wakajibu Amina, nikadhani kanisa limejaa. Kumbe nimewaacha wengine mlangoni. Hukutengwa. Nani athubutu? Tubaki na wa sauti ya kwanza peke yao, wanaolia kama filimbi?"

Mama akacheka mpaka akafuta machozi. Wakasali pamoja simuni. Alipomaliza akageuka: "Mkwe wangu, kile chakula umekimwaga?"

"Kipo, mama!"

Alikula, akaongeza.

Mchungaji naye akabadili utaratibu. Kila muumini akapewa mwenzake wa kumpigia, hasa mgonjwa na asiyekuwemo kwenye kundi la simu. Asimtumie maneno tu. Aisikie sauti yake, amuulize kama amekula na kama ana dawa, kisha wasali.

Ugonjwa haukuisha mara moja. Lakini gauni la mama lilianza kumkaa tena. Yeye alipewa ampigie mwashi mmoja mzee, aliyefiwa na mkewe na anayeishi peke yake.

"Umekula nini leo?" alimuuliza. "Chai? Chai si chakula, baba! Inuka upike, nasubiri. Na dirisha umefungua? Fungua. Haya, sasa ubeti wa kwanza... Aa, hapo umepanda mno, shuka!"

Fundi akaondoa mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza, ili yule mzee wa upande wa pili wa simu asikie vizuri.