Salama ya Uongo

Kila asubuhi, kabla Ibtisam hajatoka kwenda shule, mama yake, Bi Suad, humwuliza, "Kifua kimeamkaje?"

"Salama, Mama."

Jumatatu ile haikuwa salama hata kidogo. Ibtisam alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na ana pumu. Tangu jana kifua kilimbana, na pampu yake ya pumu ilikuwa imekwisha. Lakini leo darasa lao la shule ya Barking, mashariki mwa London, lilikuwa linapanda treni ya zamani ya makaa ya mawe, kuigiza safari ya watoto wa London waliopelekwa mashambani kukimbia mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Mama akijua, safari imekufa. Akajibu salama kama kawaida.

Alifuatana nao Bibi Ann, mzee wa miaka tisini na miwili, aliyehamishwa hivyo utotoni. Watoto walijining'iniza lebo za majina yao shingoni kama wale wa zamani, wakawa wanaimba. Treni ilipoanza kupanda kilima, moshi ukaingia dirishani. Ibtisam akakohoa, kisha pumzi zikakataa kabisa. Aliogopa, alidhani anakufa mbele ya wenzake.

Mwalimu Kanti alifunga dirisha na kumkalisha wima. Makena, mwanafunzi mwenzake mwenye pumu pia, akampa pampu yake. Kwenye kituo kilichofuata wauguzi wa ambulensi walimtibu mpaka akapumua vizuri.

"Sasa nimpigie mama yako," alisema Mwalimu Kanti.

"Tafadhali usimwambie, mwalimu. Atahangaika bure."

Bibi Ann akaketi kando yake. "Na mimi nilisema hivyo hivyo. Tulipofika shamba, kila mtoto alipewa kadi amwandikie mama yake. Nilikuwa na homa, nalala chumba kinachovuja. Nikaandika kwamba sijambo, nimefurahi. Nikaishia kulazwa hospitali miezi mitatu."

"Mama yako alikukasirikia?"

"Alilia. Kumbe kadi yangu alikuwa ameibandika ukutani, akiwaonyesha majirani kwamba sijambo."

Ibtisam alinyoosha mkono kuomba simu, akamweleza mama yake yote, hata habari ya pampu.

Bi Suad alifika mbiombio, bado kavaa sare ya kazi. Alimgombeza kidogo, akamkumbatia sana. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari kuchukua pampu mpya," alisema.

"Mwambie mama yako ukweli, mwanangu," Bibi Ann alimwambia Ibtisam. "Mama yangu mimi angekuja hata kwa miguu. Ila hakujua kama anahitajika."