Kidonda cha Makoti Saba

Mfumanafsi ilimpokea Makoti Saba saa tatu na robo asubuhi, na kabla ya saa nne kugonga ilikuwa imekwisha kumliza.

Alisimama katikati ya ukumbi wa Jabali Filamu, mjini Iringa, umbo la ukungu lenye kimo cha mtu na nusu, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola. Nusu saa iliyopita alikuwa mchoro tu wa wino, jambazi wa vitabu vya katuni vya zamani, mnene kwa sababu alivaa makoti saba, moja juu ya jingine, yote ya wizi. Katika vitabu hivyo kazi yake ilikuwa moja. Aliiba mablanketi ya mji mzima kwenye baridi ya Julai, akacheka, kisha shujaa Kipanga akashuka angani kwa mabawa ya bati na kumpiga teke la makalio. Kitabu kikaisha, watoto wakaomba kingine. Sasa jambazi huyo huyo alikuwa anatetemeka midomo na kusema kwa sauti ya chini, "Mwanangu alizikwa watu wakicheka."

Mafundi wakapiga makofi. Mhandisi Sikitu Kihwele, aliyeiunda mashine hiyo, aliendelea kutazama kioo chake.

Mfumanafsi ilikuwa akili unde yenye kazi moja, kuwapa nafsi majambazi wa zamani. Uliilisha michoro ya jambazi, kisha barua, picha na mikanda ya mchoraji na watu wake wa karibu. Yenyewe ilimtafuta mtu halisi aliyejificha nyuma ya mchoro, ikachimba maisha yake mpaka igonge huzuni, na huzuni hiyo ikaifuma kuwa sababu ya uovu. Mwaka huo wa 2088 hakuna sinema ya mashujaa iliyothubutu kutoka bila kitu hicho. Huwezi kumwona jambazi akivunja mlango kabla hujaonyeshwa utoto wake, na mvua, na mama anayekohoa. Uovu mtupu umepigwa marufuku, utadhani duniani haupo, na watu wazima wanatoka ukumbini wakipangusa machozi kwa ajili ya mtu aliyeteketeza nusu ya mji. Huu ni upuuzi, lakini unajaza viti.

"Watazamaji wa leo hawamtaki jambazi asiye na kidonda," Bi Mwantumu Shomvi, mkuu wa kampuni, alipenda kusema. Asubuhi hiyo alisogea karibu na kioo. "Hiki kidonda kimetoka wapi?"

"Kwenye mkanda wa msiba wa mwaka 2049," Sikitu alijibu. "Makoti Saba alichorwa kwa sura ya Mzee Desideri Ngonyani. Siku hiyo alikuwa anamzika binti yake. Mtoto alikuwa na miaka tisa."

"Na huyu aliyelala ndani ya kaburi anacheka ni nani?"

"Baba yangu. Ndiye mchoraji, na Kipanga alijichora yeye mwenyewe."

Bi Mwantumu akasoma maandishi yaliyokuwa yakipita chini ya mkanda: KICHEKO KABURINI. UKATILI. UHAKIKA ASILIMIA TISINI NA SABA. "Basi Kipanga alimcheka rafiki yake juu ya kaburi la mtoto," alisema taratibu. "Hapo ndipo jambazi anapozaliwa. Mwili umenisisimka, Sikitu. Kuna tatizo lolote?"

"Hakuna," Sikitu alisema.

Alikuwa anajua kwamba lipo. Kicheko kile kilikuwa utani, na utani alizaliwa na kukulia ndani yake. Baba yake, Method Kihwele, alikuwa Mhehe, na Desideri alikuwa Mngoni. Babu zao walipigana vita, na vita vilipokwisha wakabaki watani, na mtani anapofiwa hupewi ruhusa ya kukaa kimya. Unaingia kaburini, unalala, unagoma kutoka mpaka upewe jogoo. Unamtukana marehemu kwamba amekimbia kulima. Mfiwa anacheka huku kamasi zinamtoka, na kicheko hicho ndicho kinachomfikisha kesho yake. Michoro ya Makoti Saba nayo ilikuwa utani. Method alimchora rafiki yake kuwa mwizi wa mablanketi, na Desideri alinunua kila kitabu na kumwonyesha kila mgeni.

Mashine haikufundishwa utani. Kuifundisha kungechelewesha sinema miezi minne, na hadithi iliyokuwa imesimama pale ukumbini ilikuwa nzuri kuliko zote ilizowahi kufuma. Sikitu akabonyeza idhini.

Sinema ilitoka mwezi wa sita na kumbi zikajaa. Watu walimlilia Makoti Saba hata alipowagandisha watoto wa shule nzima kwa mashine yake ya kunyonya joto, kwa sababu sasa walikuwa wanamwelewa. Chuki yao wakaihamishia kwa Kipanga. Haukupita muda wakajua Kipanga ni nani, maana mkanda wa msiba ulionyeshwa mwishoni kama ushahidi. Geti la Mzee Method, pale Kihesa, likaandikwa kwa rangi nyeusi: MCHEKA MAITI. Muuza maziwa akaacha kupita.

Mzee Method aliitazama sinema hiyo nusu tu. "Jambazi wangu hakuwa na sababu," alimwambia binti yake. "Ndiyo maana watu waliweza kumcheka. Umempa sababu, sasa nani atamcheka? Na Desideri umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu, baba."

"Hajanipigia simu tangu itoke. Hajawahi kupitisha wiki bila kunitukana."

Wiki ya tatu kifua cha mzee kikambana, akafa Jumatano asubuhi akiwa na miaka themanini na minne. Wazee wa ukoo walikutana kwa muda mfupi. Mazishi yangekuwa Jumamosi, na shangazi yake Sikitu, Bibi Tulalumba, alimpa kazi moja tu. "Nenda kamlete Mngoni wetu. Mdogo wangu hatazikwa kikavu kama mbwa wa barabarani. Wewe ndiye uliyeharibu, wewe ndiye utakayetengeneza."

Mzee Desideri alikuwa akiishi mtaa wa pili tu. Siku zote alimpokea Sikitu kwa kelele, "Mateka wangu umetoroka tena?", naye Sikitu alimjibu kwamba Wangoni hawajawahi kuteka hata kuku. Safari hii alifungua mlango na kusimama pale pale mlangoni.

"Karibu, Mhandisi," alisema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimesikia habari. Poleni."

"Tunazika Jumamosi. Shangazi anasema uje ufanye kazi yako."

"Kazi gani?"

"Unaijua, baba. Mashine ilikosea. Haijui utani."

"Wewe unaujua?"

"Naujua."

"Na uliona kabla hawajaonyesha?"

Alitamani kusema uwongo, lakini mzee alikuwa anamkazia macho. "Niliona."

Desideri akatikisa kichwa polepole. "Miaka thelathini na tisa," alisema, "nikimkumbuka mwanangu Imakulata, nilikuwa namwona baba yako kwenye lile shimo, matope mpaka masikioni, anadai jogoo mwekundu, mweupe hamtaki. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mke wangu alicheka, Mungu amrehemu. Usingizi wa siku ile niliupatia pale. Sasa sinema yako imenionyesha uso wangu mkubwa kama nyumba, ikaandika pale chini kwamba sikuwa nacheka, kwamba ni kilio nilichokibana. Nimerudi kuutazama mara tano. Siku hizi watu wananisimamisha sokoni wananiambia, pole mzee, tunakuelewa, yule ni mnyama. Nikifumba macho simwoni tena Method wangu. Namwona huyo wenu."

"Ulikuwa unacheka, baba. Wewe mwenyewe unajua."

"Nilikuwa najua," alisema Desideri. "Mlionipa kidonda ni ninyi. Mimi sikuwa nacho. Nilikuwa na mtoto aliyekufa na rafiki aliyenichekesha, na vyote viwili nilivibeba vizuri tu. Nenda nyumbani, Mhandisi."

"Utakuja?"

"Mazishini nitakuja. Nina adabu zangu."

Sikitu alirudi na kumwambia shangazi yake kwamba Mngoni atakuja. Mengine aliyameza. Bibi Tulalumba alifurahi, akamtafuta jogoo na kumfunga miguu.

Jumamosi watu walikuwa wengi kupita kiasi. Nusu yao hawakumjua marehemu. Walikuja kwa ajili ya sinema, vijana wenye vijikamera vya kuelea vilivyozunguka juu ya makaburi kwa sauti ya nyuki, wakisubiri kuona Makoti Saba atamfanya nini adui yake. Jeneza lilipoteremshwa Mzee Desideri alijitokeza, amevaa suti nyeusi iliyopigwa pasi. Ndugu wa Method wakaanza kujiziba midomo, tayari kucheka. Bibi Tulalumba alikuwa na jogoo kwapani. Sikitu aliomba moyoni atukane, amtukane baba yake tusi lolote lile, hata lile baya la mwisho.

Mzee Desideri akavua kofia.

"Poleni sana wafiwa," alisema. "Marehemu alikuwa mtu mwema. Mungu amlaze mahali pema."

Akachukua udongo kidogo, akaudondosha kwa upole, akampa Sikitu mkono kama anavyopewa mkono mtu wa ofisini. Vijana wa sinema wakaanza kupiga makofi, mmoja akasema kwa sauti kwamba huyo ndiye mzee mwenye roho kubwa, amesamehe.

"Desideri," Bibi Tulalumba aliita. Jogoo alikuwa anapigapiga mabawa. "Desideri, mtukane mwenzako. Nakuomba, jamani, mtukane."

Mzee aligeuka, akamwinamia kidogo kwa heshima.

"Hapana, mama," alisema. "Si vizuri kumtukana maiti wa watu."

Akavaa kofia yake na kupita katikati ya watu, nao wakampisha.